Nafasi za Kipindi cha Pili

Jumamosi, 17 Desemba 2011

Tumeshinda! Nyegere wa Tarnova nne, Halbrook mbili. Ukumbi wa hoki ya barafuni ulijaa mpaka kwenye ngazi. Hata padri alikuja na chupa yake ya chai, na sitaki kujua ndani yake mlikuwa na nini.

Mimi nilikuwa kwenye kiti changu, juu ya geti la mashine ya kulainisha barafu. Penseli sikioni, ubao magotini. Wengine wanahesabu mashuti. Mashuti! Mtu anakipiga kisahani, ndio mpira wetu wa hoki, kutoka mwisho wa dunia, bibi yangu marehemu angekidaka kwa aproni – na bado wanaliandika shuti! Mimi Orest Hnatiuk nahesabu nafasi. Nafasi ya kweli ya kufunga: kisahani kinatoka pale mbele ya goli, mahali ambapo kipa anameza mate. Tukipata nafasi, kila kijana wetu aliye barafuni anapata alama ya kujumlisha. Wakipata wao, kila kijana wetu aliye barafuni anapata alama ya kutoa. Basi. Ukifika katikati ya msimu unajua nani anaibeba timu na nani anabebwa.

Kocha Beaton alinicheka nilipoanza. Leo mechi ikiisha ananisubiri mlangoni kama mbwa anayesubiri mfupa! Darasa la tisa tu nimefika, na hilo nililivuka kwa huruma ya mwalimu wa michezo. Lakini nimecheza hoki Ujerumani msimu mzima, na nimeendesha lori kutoka hapa Saskatchewan hadi mpakani Meksiko. Dunia naijua, nayo inanijua.

Hesabu nimeibandika kwenye friji kama kawaida. Vijana waione asubuhi wakifuata maziwa.

Jumatatu, 19 Desemba

Kocha alinikuta gereji, chini ya trekta ya mtu. Nikatoka na grisi mpaka masikioni. Habari zenyewe: mwaka mpya analetwa kipa kutoka Alberta. Kipa hasa! Ila ana miaka ishirini, na ligi hii ni ya vijana, wa umri huo wanaruhusiwa wachache tu. Akiingia yeye, mmoja wetu wa miaka ishirini atoke. Mwisho wa kuandikisha ni tarehe kumi Januari.

Wa kutoka ni mmoja kati ya wawili. Na wote wawili wanalala kwangu!

Nyumba nyingine za hapa zinapokea mchezaji mmoja. Luba, mke wangu, ana moyo wa hospitali nzima, akataka wawili. Basi tuna Keaton Prewitt – kepteni, winga, mfungaji, mdomo kama wangu enzi zangu. Na tuna Emmett Sawatzky – beki, mtoto wa shamba la nguruwe kule Manitoba, mrefu kama mlango, maneno matatu kwa siku, na mawili kati ya hayo ni "asante, mama." Huu ni msimu wake wa tatu mezani petu. Keaton ndiye ninayecheka naye. Naandika hivyo kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Keaton akiachwa, kabla ya jua kuzama timu nyingine imemdaka. Emmett akiachwa – kwisha. Nani anamchukua beki mzito wa miaka ishirini katikati ya msimu? Na kuna chuo Ontario kimeahidi kuja kumtazama mwezi wa tatu, kimlipie masomo. Hana timu, hana mwezi wa tatu. Anarudi kwa nguruwe.

Kocha akauliza: hesabu zako zinasemaje, Orest? Nikavimba. Nikamwambia: Emmett yuko chini kuliko wote. Kipindi cha pili ndiyo aibu kabisa, nafasi za adui zinamwangukia kama mvua ya mawe. Kocha akasema, lakini si unaishi naye? Nikajibu, maneno yangu haya haya: "Hesabu haina undugu, Kocha."

Nikajiona waziri. Nikanywa kahawa, nikala donati.

Nimerudi nyumbani, nimemkuta Emmett anaondoa theluji njiani kwetu. Ya jirani alikuwa ameshamaliza. Akaniinulia koleo kunisalimia. Nikapitia mlango wa nyuma.

Jumatano, 21 Desemba

Nimemwambia Luba. Akaiondoa sahani yangu ya supu nikiwa bado na kijiko mdomoni.

"Umemuuza mtoto kwa donati?"

"Sijamuuza. Nimehesabu."

"Basi kahesabu vijiko."

Vijana wameondoka leo kwenda kwao kwa Krismasi. Emmett kanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Sili vizuri. Mimi!

Ijumaa, 30 Desemba

Vijana wamerudi. Tumetoka sare tatu kwa tatu.

Luba alikuja ukumbini. Haji mara kwa mara, Desemba nzima yuko kwenye chumba cha chini ya kanisa na akina mama wanafinya perogi, vile vinyunya vya kuchemsha vya kujazwa viazi au kabichi, kwa maelfu. Akakaa pembeni yangu na blanketi. Shida ya kukaa na Luba kwenye hoki ni kwamba haangalii kisahani. Kisahani hakimhusu. Anaangalia vijana wake tu, huyu kavaa kofia vizuri, yule anachechemea, kama vile ni watoto wadogo wanacheza mchangani.

Kipindi cha pili, adui wanatushambulia, mimi macho yamenitoka, penseli tayari. Luba kanivuta mkono.

"Keaton anaumwa tumbo?"

"Nyamaza, mama, hatari hii!"

"Ndiyo nakuuliza. Mbona kila hatari ikianza anakimbilia kukaa?"

Nikamwambia wanabadilishana, ndiyo hoki, mtu akichoka anatoka mwingine anaingia. Akasema, sawa, lakini Emmett naye si anachoka? Mbona yeye anaachwa kila mara na nyumba inayoungua?

Nikatafuna penseli. Halafu nikafanya kitu ambacho sijawahi kufanya tangu nianze. Nikaacha kuangalia kisahani. Nikaangalia mlango wa benchi letu.

Mungu wangu.

Jumamosi, 31 Desemba

Nimeazima funguo za chumba cha kanda za mechi ukumbini. Mwaka mpya wa watu huo, wanachinja bata mzinga. Mimi niko na televisheni na soseji baridi. Mechi moja baada ya nyingine. Vipindi vya pili tu.

Iko hivi. Kipindi cha pili timu zinabadilishana magoli, cha tatu zinarudi. Benchi halihami. Kwa hiyo benchi letu linakuwa mbali na goli letu, karibu na lao. Keaton yuko kule mbele anatamba, anapoteza kisahani – na mlango wa benchi uko hapo hapo ubavuni! Angerudi nyuma kukaba, kama mtu. Harudi. Anarukia benchi. Anayeingia badala yake anaingia kule kule mbali, na adui wameshapita. Nyuma kabaki Emmett, watatu wanamjia, mmoja anampasia mwingine, puh! Nafasi.

Na mimi juu ya kiti changu, profesa wa Tarnova, nafanya nini? Naangalia nani yuko barafuni. Emmett – toa. Kitoto kilichoingia sasa hivi – toa. Keaton? Keaton ameshakaa, anakunywa maji. Msafi kama taulo la hoteli!

Mara moja, nasema bahati mbaya. Lakini ni karibu kila mechi. Sio mzito yule Emmett. Kaachwa.

Miaka yote najisifu kwamba macho yangu yanaona kila nafasi. Yanaona nafasi, ndiyo. Hayaoni aliyeifungua.

Nimeapa mbele ya soseji: kabla ya tarehe kumi hili nitalinyoosha. Hata kama Tarnova nzima italeta matrekta yake kwa fundi mwingine.

Ijumaa, 6 Januari

Mkesha wa Krismasi yetu, ya Kiukraini. Vyakula kumi na viwili, nyama hakuna, na hakuna kugusa kijiko mpaka nyota ya kwanza. Emmett ndiye aliyetumwa dirishani kuitafuta nyota, kwa kuwa ana njaa kuliko wote. Sahani moja tupu kwa wasiokuwepo. Nikachota kijiko cha ngano na asali nikakirusha darini, kama baba alivyofanya na babu yake alivyofanya. Ikiganda, mwaka mzuri. Iliganda kidogo, halafu ikamdondokea Keaton shingoni. Tulicheka mpaka Luba akashika mbavu.

"Mzee, hiyo inahesabika nafasi?" Keaton huyo.

"Ilitoka mbele ya goli. Inahesabika."

Baadaye Emmett alikuwa na Luba mezani, anamalizia perogi za kabichi. Mimi na Keaton tukaosha vyombo. Nikaona ndiyo wakati. Nikamwambia polepole, kama mtu anayetoa tairi kwenye barafu. Kwamba nimetazama kanda. Kwamba nimeangalia mlango. Kwamba kesho naenda kwa Kocha.

Aliendelea kupangusa sahani ile ile. Nilitegemea akane. Nilikuwa na majibu tayari, matamu! Hakukana.

"Unaniuza, mzee?"

"Nanyoosha hesabu."

"Lakini wewe ndiye uliyenifundisha."

Nikamwambia asinitanie, mimi sijawahi kumfundisha mtu kukimbia.

Akaonyesha friji kwa kitambaa. Oktoba, akasema, ulitukalisha hapa ukatueleza ukiwa na sufuria ya mayai: alama inakwenda kwa aliye barafuni wakati ule. Wakati ule tu! Ukapiga meza. Kila asubuhi nashuka hapa naona jina langu juu kwenye friji, na wewe unaniita simba, unanipa yai la tatu. Emmett unampa mawili na unamuuliza mbona usiku ulilala uwanjani. "Mimi mwanzoni nilitoka kwa kuchoka tu. Nikaona alama haikuja. Ya pili nikaona haikuja. Ungekuwa wewe ungefanyaje?"

Nilimwangalia. Na jibu nililijua, kwa sababu mimi enzi zangu ningefanya vile vile na kuongeza mluzi.

"Emmett anajua?" nikamuuliza.

"Emmett anajua tangu Novemba. Aliniambia mara moja tu. Alisema: rudi nyuma basi, Prewitt. Halafu hakusema tena."

Vyombo vilikuwa bado vingi. Tukaviosha vyote.

Hesabu nimezitoa kwenye friji. Zimeacha alama za gundi. Nimezikwangua kwa kisu.

Jumamosi, 7 Januari

Krismasi kamili. Kanisani asubuhi, halafu moja kwa moja kwa Kocha Beaton. Nimemkuta na pajama na miwani ya kusomea.

Nikamweleza. Akasikiliza. Halafu akasema: Orest, Desemba uliniletea karatasi inayomnyonga Emmett. Leo unaniletea mdomo unaomnyonga Keaton. Alhamisi utamnyonga nani, padri?

Nikasema kesho kuna mechi, nitahesabu kwa namna mpya, alama ya kutoa iende na kwa aliyeuacha mlango wazi. Akasema, haya, hesabu. Uniletee kitu cha kushika.

Nimechonga penseli tatu.

Jumapili, 8 Januari

Sijui niandike nini. Nacheka na nataka kupiga kitu.

Mechi na Halbrook tena. Kipindi cha pili kikaanza, nikaweka macho mlangoni, sikubanduka. Njoo sasa, Keaton! Toka nikuone!

Hakutoka.

Alipoteza kisahani kule mbele, akageuka, akakimbia urefu wote wa uwanja kurudi, akakaba. Mara ya pili vile vile. Mara ya tatu miguu ilikuwa uji, alikuwa anapumua kama ng'ombe anayezaa, na bado alirudi. Kule nyuma Emmett akampigia gongo lake kwenye barafu – tak, tak! – nadhani hiyo kwa lugha ya Emmett ni hotuba. Nafasi za adui kipindi kizima ukizitafuta hazijazi kiganja. Emmett alicheza kama ukuta wenye akili. Keaton hakufunga hata moja. Nyuma yangu mtu akapiga kelele: "Kepteni, punguza perogi za Luba!" Nikageuka nikamwambia anyamaze au nitamkumbusha gari lake linavutwa na nani theluji ikilimeza.

Karatasi yangu mpya, safu ya "aliyetoka," tupu. Nyeupe pe!

Kocha kaiangalia chini ya taa ya mlangoni.

"Hii haisemi kitu, Orest."

"Haisemi kwa sababu anajua nahesabu!"

"Kwa hiyo ukihesabu anafanya kosa, na ukihesabu anaacha kosa. Sasa mimi nifukuze nani, penseli yako?"

Nyumbani nikamuuliza Keaton: umefanya vile kujiokoa, au kumwokoa mwenzako? Alikuwa ameweka miguu yote miwili kwenye ndoo ya maji ya moto.

"Sijui, mzee. Huko nyuma ni mbali kweli, unajua?"

Jumatatu, 9 Januari

Mtu akinyimwa mlango anaingilia dirisha. Leo sikubeba karatasi. Nilifunga gereji, nikamwendea Kocha ofisini, nikamvuta kwa mkono wa koti mpaka chumba cha kanda. Nikamkalisha. Nikamwambia, usiangalie kisahani. Weka macho kwenye mlango wa benchi, vipindi vya pili tu, na mimi nafunga mdomo.

Nikafunga! Watu hawataamini.

Mechi ya kwanza, akakunja mikono. Mechi ya pili, akaikunjua. Katikati ya mechi ya tatu akasema "khaa!" peke yake. Mechi ya nne hakutaka kuimaliza. Kashika paji la uso.

"Nimempigia kelele yule mtoto tangu Oktoba," akasema. "Emmett. Mbele ya wenzake."

Nikasema, mimi pia, kwa mayai.

Nikadhani yameisha. Nikaanza kuvaa kofia. Kumbe! Akasema: sikiliza, Orest, nakuamini, nimeona kwa macho yangu. Lakini Keaton ndiye anayefunga. Ukumbi unajazwa na Keaton. Nikimwachia yeye nikabaki na Emmett, mji huu utanitia kwenye mashine ya barafu vipande vipande. Na tabia si inafundishika? Umeona mwenyewe jana, alirudi.

Nikamwambia, ndiyo, tabia inafundishika. Na alama za Emmett zinafutika? Uongo wangu ndio uliomweka mlangoni. Nitausema ukumbini kwa kipaza sauti ikibidi, nikiwa nimepanda juu ya barafu na viatu vya kanisani. Akajua sitanii. Akaomba alale nalo.

Kesho mchana atapita nyumbani, amesema. Anapita mwenyewe siku zote, akija kumwambia mchezaji kwamba ameachwa. Hapigi simu.

Jumanne, 10 Januari

Sikwenda kazini. Niko mezani jikoni, naandika kwa kuwa mikono inataka kitu cha kushika na Luba amenikataza kumenya viazi, eti navipunguza mpaka vinakuwa njegere.

Asubuhi nilimwambia Emmett kila kitu. Kila kitu, tangu donati. Nikamwomba radhi. Akasema, "Mayai mawili yalinitosha, mzee." Halafu akaenda kuondoa theluji ambayo haikuwepo.

Sasa hivi gari la Kocha limeingia uani. Baridi ya kuvunja misumari, hakuzima injini, moshi mweupe umefunika nusu ya ua. Hajashuka. Amekaa tu na usukani wake. Emmett amerudi ndani, amekaa mbele yangu, mikono juu ya meza kama mtoto anayengoja kukaguliwa kucha. Luba kasimama na mwiko.

Na Keaton kashuka ngazi mbio, na soksi, bila koti, hata hakutuangalia. Katoka nje. Kavuka ua na soksi zake, kafungua mlango wa gari la Kocha, kaingia, kaufunga.

Tunawaona kwa dirisha. Vichwa viwili. Keaton anaongea kwa mikono, kama mimi kabisa. Kocha anatikisa kichwa. Keaton anaendelea. Kocha anatazama mbele, kioo kinaanza kushika ukungu.

"Anamwambia nini?" Emmett kauliza.

Nikasema sijui. Kweli sijui. Anaweza kuwa anajitetea. Ana ulimi wa kuuza theluji huku kwetu, akitaka atabaki, na mimi nitabaki na kipaza sauti changu, na nitakitumia.

Kocha kaweka mkono kwenye kitasa cha mlango wake. Nikainuka. Keaton kamshika bega, bado anasema. Mkono wa Kocha umerudi kwenye usukani.

Luba kazima jiko. Supu ilishaanza kushika chini. Emmett kasogea dirishani, kapangusa kioo kwa mkono wa sweta, kisha akagonga fremu kwa kidole, tak, tak. Kule hawawezi kusikia.

Ukungu umefunika kioo chote cha gari, hatuoni kitu tena. Mtoto ana soksi tu. Mlango uko ubavuni pake, kama ule wa benchi, hatua chache tu mpaka jikoni kwenye joto.

Hajatoka.